Uzi mmoja, majibu mawili: kwa nini AI ya kwenye chati ya kazini inatuambia vitu tofauti?

#1 NyukiWaOfisi
Wakuu salaam.

Kazini tunatumia programu ya kuchati ya timu, ina chaneli, nyuzi na inboksi kama hizi zote mnazozijua. Tangu tuwashiwe msaidizi wa AI humo ndani, watu wengi wameacha kusoma nyuzi ndefu. Unaiita, unaiuliza "wameamua nini?", unaendelea na kazi.

Juzi mimi na mwenzangu tunayekaa naye meza moja tuliiuliza kuhusu uzi uleule, wa tarehe ya kukabidhi kazi kwa mteja. Mimi ikanijibu kwamba tarehe imesogezwa hadi Ijumaa. Mwenzangu akajibiwa kwamba suala bado linajadiliwa na hakuna uamuzi. Tulipishana dakika chache tu, na katikati hapo hakuna aliyeandika chochote kwenye uzi. Majibu yote mawili yamenyooka, yana sauti ya mtu aliyekuwepo kikaoni.

Jina la programu silitaji kwa sababu za kikazi. Ninachotaka kujua ni hili linatokana na nini, na kama kuna haki yoyote ya kuiuliza AI swali la "tumeamua nini".

#2 Chapakazi
Naweka kambi hapa. Kwetu iko hivyohivyo, nilidhani ni sisi tu.

#3 MzeeWaSeva
Ruhusa. AI ya ndani ya chati ikitengenezwa vizuri haisomi ofisi nzima, inasoma kile ambacho muulizaji mwenyewe angeweza kukifungua. Ukiuliza wewe, inatafuta kwenye chaneli za wazi, chaneli za faragha ulizomo na inboksi zako. Akiuliza mwenzako, inatafuta kwenye zake. Slack, wenye programu ya kuchati kazini, walipotoa AI yao Februari 2024 walilisisitiza hilo, na Copilot, msaidizi wa AI wa Microsoft 365, inafuata kanuni hiyohiyo.

Mleta mada, umo kwenye chaneli yoyote ya faragha ambayo mwenzako hayumo? Kama kiongozi wenu aliandika "tumekubali Ijumaa" huko, basi hujapata jibu la uzi ule peke yake. Umepata jibu la kila unachoweza kukiona.

#4 Takwimu Huru
Mzee, ruhusa zina kazi yake, lakini tusizitwishe mzigo wote. Mleta mada ajaribu kitu chepesi: aulize swali lilelile mara mbili, kwa akaunti yake, maneno yaleyale. Huenda majibu yasifanane.

Modeli ya lugha haina kabati ilikoliweka jibu. Inaandika tokeni, yaani neno au kipande cha neno, moja baada ya nyingine, na kwa kila hatua kuna tokeni kadhaa zinazoweza kufuata, kila moja na uzito wake. Mfumo unachagua kwa bahati nasibu inayoheshimu uzito huo. Uzi ukiwa na utata, "imesogezwa" na "inajadiliwa" zikakaribiana, leo itaangukia huku na kesho kule. Na ikishaandika neno la kwanza, yote yanayofuata yanaliunga mkono. Ndiyo maana jibu linanyooka hata likiwa limeanzia upande mbovu.

#5 Kipanga
Takwimu, hiyo bahati nasibu si inazimwa kwenye AI za maofisini? Wanaiweka sifuri, jibu linakuwa moja siku zote.

#6 FundiMitambo
Kipanga, si siku zote. Hata ukiiweka sifuri, maombi ya watu wengi yanafungwa pamoja na kupigiwa hesabu kwa mkupuo kwenye kadi za GPU. Ukubwa wa mkupuo ukibadilika, mpangilio wa kujumlisha namba za desimali unaweza kubadilika. Kwenye kompyuta, kujumlisha A na B kisha C hakutoi lazima namba ileile ya kuanza na B na C, kwa kuwa kila hatua inakata desimali za mwisho. Tofauti ni ndogo mno, lakini tokeni mbili zikikabana inatosha kumgeuza mshindi.

Pamoja na hayo, sidhani kama ndicho kilichomkuta mleta mada. Tofauti za namna hiyo mara nyingi hubadilisha maneno na kuacha maana palepale. Mimi namshuku mtafutaji. AI ya chati haisomi kila kitu unapouliza. Kwanza kuna hatua ya kutafuta: swali lako linalinganishwa na vipande vya ujumbe vilivyohifadhiwa kwenye faharasa, vinachaguliwa vichache vinavyofanana nalo, na hivyo ndivyo anavyopewa mwandishi, yaani modeli. Ukiuliza kwa maneno tofauti kidogo, vinakuja vipande tofauti. Modeli itaandika kwa ufasaha uleule juu ya vipande visivyokamilika, kwa sababu haijui ni nini hakikuletwa.

#7 Dada Itifaki
Naomba niguse jambo ambalo hamjaligusa. Huo uamuzi uliandikwa, au uliwekewa dole gumba?

Mimi ni katibu wa mradi, kazi yangu kila siku ni kuandika yaliyoamuliwa. Ofisi nyingi sasa hazisemi "ndiyo". Mtu anapendekeza, wenzake wanabonyeza emoji, kazi imeisha. Kwa anayesoma kwa macho, madole gumba chini ya pendekezo ni kura. Kwa AI inategemea aliyeiunganisha. Emoji za kuitikia huhifadhiwa pembeni ya ujumbe, haziko ndani ya maandishi yake, na kama aliyejenga hakuzivuta, AI inaona pendekezo ambalo hakuna mtu aliyelijibu. Hapo ikisema "bado linajadiliwa", imesema kweli juu ya ilichokiona.

Ongezea emoji ya macho. Kwetu ina maana ya "nimeiona, naishughulikia". Timu ya jirani ina maana ya "nina wasiwasi na hili". Hata binadamu mgeni angepotea.

#8 NyukiWaOfisi
Dada Itifaki, nimerudi kuufungua uzi wenyewe na kuusoma kwa macho yangu mstari kwa mstari. Kiongozi aliandika: "Naona Ijumaa inatufaa zaidi, mnasemaje?" Chini yake kuna safu ya madole gumba na hakuna neno hata moja. Baada ya hapo mtu akauliza habari za faili, mazungumzo yakahamia huko.

MzeeWaSeva, ndiyo, niko kwenye chaneli ya faragha ya waratibu, mwenzangu hayumo.

#9 Chapakazi
Imeisha hiyo. Mzee kashinda, Dada Itifaki kashinda, wengine tukanawe mikono.

#10 Takwimu Huru
Chapakazi usifunge bunge mapema. Nyuki, tuwekee maneno kamili ya swali lako na la mwenzako. Usifupishe.

#11 NyukiWaOfisi
Langu: "Tarehe ya kukabidhi imesogezwa hadi lini?"
Lake: "Tumeamua nini kuhusu tarehe ya kukabidhi?"

#12 Takwimu Huru
Asante. Sasa soma swali lako taratibu. Ndani yake tayari umeshaiambia AI kwamba tarehe imesogezwa, umebakiza kuomba siku tu. Hizi modeli zimefunzwa kwa kufuata majibu ambayo watu waliyapenda zaidi, kwa hiyo zina mwelekeo wa kukubali kile ambacho muulizaji amekwisha kukisema. Ikatafuta siku yoyote iliyotajwa, ikaikuta Ijumaa, ikakukabidhi. Mwenzako kaacha mlango wazi, ikamwambia ilichokikuta.

Hapo hatuhitaji chaneli ya faragha wala emoji.

#13 Mkalimani
Habari za saa hizi. Nimesoma yote, nashangaa hakuna aliyeuliza uzi uliandikwa kwa lugha gani. Kama ni Kiswahili, au Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza cha ofisi kama tunavyoandika wengi, kuna tatizo jingine kabisa.

Kitenzi chetu kinabeba sentensi nzima. Chukua "tusipothibitishiwa tutaahirisha". Ukanushi na sharti vyote vimo kwenye silabi mbili katikati ya neno. Modeli nyingi zilijifunza zaidi kwa maandishi ya Kiingereza, na kikata tokeni chake kinalikatakata neno la Kiswahili vipande vingi kuliko la Kiingereza lenye urefu uleule, tena bila kufuata mipaka ya viambishi. Nimeona kwa macho yangu muhtasari ulioandika "timu itaahirisha" kutoka kwenye ujumbe kama huo. Sharti limepotea, imebaki habari.

Na saa! Mtu anaandika "tukutane saa nane mchana", msaidizi anaweka kwenye kalenda saa mbili asubuhi kwa kuwa ameiona nane. Mwingine anafanikiwa, anaweka vizuri. Huwezi kujua mapema.

#14 Kipanga
Mkalimani, hilo la sharti kudondoka siliweki kwenye Kiswahili. Timu yetu inaandika Kiingereza mwanzo mwisho na muhtasari bado unadondosha masharti. Mtu akiandika kwamba atatuma ripoti endapo takwimu zitafika, muhtasari unasema atatuma ripoti. Kufupisha ndiko kunakoua masharti, katika lugha yoyote.

#15 Mkalimani
Nakubali kwamba kufupisha kunaua. Ninachosema ni kwamba kwetu kunaua haraka zaidi. Jaribu mwenyewe kwa ujumbe uleule katika lugha zote mbili.

#16 MhasibuMkavu
Niongeze la kwetu, maana linagusa pesa.

Mtu wa ununuzi aliiuliza AI ndani ya chaneli kama ankara ya msambazaji fulani imelipwa. Ikajibu imelipwa, ikataja na siku. Nilikuwa kwenye chaneli, nikafungua kiungo cha chanzo kilichoambatana na jibu. Ujumbe ule ulikuwa wa kweli, mtu wa hazina aliandika "imelipwa leo". Lakini uliandikwa chini ya ankara nyingine ya msambazaji huyohuyo. Namba za ankara zile zinatofautiana tarakimu ya mwisho tu. Kwangu mimi hizo ni nyaraka mbili tofauti kabisa. Kwa mtafutaji anayelinganisha maana, zinafanana karibu mia kwa mia: msambazaji mmoja, chaneli moja, neno "ankara", neno "imelipwa".

Tangu hapo tumekubaliana: hakuna malipo yanayofanyika au kusimamishwa kwa jibu la AI. Inakuonyesha pa kutazama, mfumo wa uhasibu ndio unaosema kama imelipwa. Ile ankara ilikuwa inakaribia siku ya adhabu ya kuchelewa, na msambazaji alikuwa ameshaanza kupiga simu. Nalisema kwa uzito kwa sababu kuna mtu upande wa pili anayesubiri hela yake.

#17 FundiMitambo
Mhasibu hapo umegusa penyewe. Utafutaji wa maana unapata vitu *vinavyohusiana*, ni dhaifu ukitaka kitu *kilekile hasa*: namba za ankara, matoleo ya programu, majina yanayofanana. Mifumo mizuri inachanganya na utafutaji wa zamani wa neno kwa neno, lakini si yote.

Na narudi kwa Nyuki: kiongozi alihariri ujumbe wowote pale? Faharasa haisasishwi papo hapo kila mahali. Ujumbe ukibadilishwa kutoka Jumatano kwenda Ijumaa, kwa muda fulani macho yako yanaona kipya na mtafutaji bado ana cha zamani. Halafu kuna urefu. Mwaka 2023 watafiti walipima jinsi modeli zinavyotumia maandishi marefu, wakakuta zinashika vizuri kilicho mwanzo na mwisho na kulegea kwa kilicho katikati. Uamuzi uliofukiwa katikati ya uzi wa jumbe mia mbili uko mahali pabaya.

#18 Msomaji Kimya
Huwa sichangii, leo nachangia. Mnaizungumzia kama mzigo. Mimi nilianza kazi mpya nikakuta timu yenye miaka ya mazungumzo kwenye chaneli. Sikumjua mtu, na kila swali niliogopa kuonekana nasumbua. Niliiuliza AI: kwa nini tuliacha kutumia mfumo ule wa zamani, nani anajua habari za ripoti ya robo mwaka, neno fulani wanalolitumia lina maana gani hapa. Ikanipa viungo vya nyuzi za kale ambazo nisingezipata. Nilisoma zenyewe, nikafika kwenye kikao nikiwa najua wanazungumza nini.

Kwa mtu mgeni, kitu hicho ni mwenyeji asiyechoka. Naomba kisibezwe.

#19 Dada Itifaki
Msomaji, karibu sana, usinyamaze tena. Ona lakini ulivyoitumia: uliomba viungo ukasoma mwenyewe. Swali la "kwa nini tuliacha" lina historia iliyokwisha kutulia. Swali la Nyuki ni la kitu kinachoendelea kutokota, na humo hata binadamu waliomo hawakubaliani kama kimeamuliwa. Muulize kila aliyeweka dole gumba alimaanisha nini. Mmoja atakwambia "nakubali", mwingine "nimesoma".

#20 Mlinzi wa Lango
Wakuu, mmezungumza usahihi, hamjazungumza usalama. Ruhusa za #3 zinafaa ukiuliza kwenye inboksi yako. Ukiiita AI *ndani ya chaneli* yenye watu thelathini, jibu linaonekana na wote. Kama linatumia ruhusa zako na wewe umo kwenye chaneli ya waratibu, Nyuki, siri ya waratibu inaweza kumwagika mbele ya watu. Wajenzi wengine wanaifunga isome chaneli hiyo tu inapoitwa hadharani, wengine wanakuonyesha jibu wewe peke yako. Ulizeni yenu iko vipi kabla ya kuiita hadharani.

La pili ni maagizo yanayofichwa ndani ya ujumbe. Agosti 2024 kampuni ya usalama ya PromptArmor ilionyesha udhaifu kwenye AI ya Slack. Mtu mwenye akaunti anafungua chaneli ya wazi, anaandika humo maagizo kwa AI. Mfanyakazi mwingine anaiuliza AI kuhusu ufunguo wake wa siri aliouhifadhi kwenye chaneli yake ya faragha. Mtafutaji anauleta ufunguo, na anayaleta pia yale maagizo kwa kuwa yanataja maneno yaleyale. Modeli inayatii, inamwandikia mfanyakazi kiungo cha "bonyeza hapa" ambacho ndani ya anwani yake umeshonewa ule ufunguo. Akibonyeza, umekwenda. Slack waliziba. Juni 2025 ikatangazwa nyingine kwenye Copilot ya Microsoft 365, ikaitwa EchoLeak, namba CVE-2025-32711 kwenye orodha ya udhaifu wa usalama. Hiyo ilianzia kwenye barua pepe tu, na mwathirika hakuhitaji kubonyeza kitu. Nayo Microsoft waliziba.

Kiini chake hakijazibwa na yeyote: kwa modeli, agizo lako na maandishi inayoyasoma vyote vinaingia kwa mlango mmoja.

#21 Kipanga
Ndiyo maana mimi siandiki kitu cha maana humo. Slack wenyewe 2024 walikamatwa wanafundisha AI kwa meseji za wateja. Na Samsung walidukuliwa kupitia ChatGPT wakapiga marufuku.

#22 Mlinzi wa Lango
Kipanga, yote mawili yanahitaji kunyooshwa.

Slack, Mei 2024: watu waliona kwenye sera ya faragha kwamba data za wateja hutumika kwa modeli za kujifunza kwa mashine, zile za kupendekeza chaneli, emoji na kupanga matokeo ya utafutaji, na kwamba asiyetaka lazima msimamizi wa akaunti ya kampuni aandike barua pepe kuomba kutolewa. Hasira ilikuwa ya haki, hasa kwa huo utaratibu wa kuomba kutolewa. Lakini Slack walisema hawatumii data za wateja kufundisha modeli kubwa za lugha, na baadaye wakaandika upya maneno ya sera.

Samsung, 2023: hakuna aliyedukua. Wafanyakazi wenyewe walibandika msimbo wa kampuni kwenye ChatGPT wakitafuta msaada, na Mei mwaka huo kampuni ikazuia zana hizo kwenye vifaa vyake. Tena hilo linakwenda kinyume na hoja yako. Watu wakinyimwa msaidizi wa ndani wenye mipaka, wanakimbilia wa nje usio na mkataba wowote na kampuni.

#23 Kipanga
Nimekuelewa. Ila swali langu linabaki: bosi anaweza kuiuliza "nani anachelewa kujibu kwenye timu"?

#24 MzeeWaSeva
Anaweza kuuliza, na kwa chaneli anazoziona itajaribu kumjibu. Hapo ndipo mimi ningetaka kampuni iandike kanuni mapema. AI inaona jumbe, haioni aliyepigiwa simu, aliyekwenda kwa mteja, aliyemaliza jambo kwa kusimama mezani kwa mwenzake. Ripoti ya bidii inayotokana na chati inawapendelea wanaoandika sana.

Niliwahi kusoma habari za ELIZA, programu aliyoiandika Joseph Weizenbaum pale MIT, ikachapishwa 1966. Ilikuwa inageuza tu maneno ya mtu kuwa maswali. Hata hivyo katibu wake, aliyemwona akiitengeneza, alimwomba atoke chumbani ili aongee nayo faragha. Kitu kikijibu kwa sentensi nzuri tunakipa akili na nia. Hawa wa leo wana uwezo mkubwa kuliko ELIZA kwa mbali sana, ndiyo maana hatari ya kuwapa mamlaka ya kupima watu ni kubwa zaidi.

#25 Chapakazi
Na ikikosea analaumiwa nani? Mimi niliyeuliza, aliyeiweka, au aliyeitengeneza?

#26 MhasibuMkavu
Kwa mteja wa nje kuna mfano. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, liliamua kesi ya abiria dhidi ya Air Canada. Msaidizi wa kuchati kwenye tovuti alimwambia abiria aliyefiwa kwamba anaweza kuomba nauli ya msiba baada ya kusafiri, ilhali sera ilikataa. Kampuni ikajitetea kana kwamba yule msaidizi ni mtu anayejitegemea anayewajibika kwa maneno yake. Baraza likakataa, likaiamuru kulipa dola 800 na ushee za Kanada. Ndani ya ofisi sijaona mfano kama huo, lakini kwetu aliyeidhinisha malipo ndiye anayejibu.

#27 Moderator
Uzi mzuri. Tubaki kwenye mada, ajira na sheria zina jukwaa lake.

#28 NyukiWaOfisi
Nimerudi na mrejesho. Mimi na mwenzangu tumejaribu tena, safari hii kwa maneno yaleyale ya swali lake, tukabonyeza pamoja. Yangu ikasema "kuna pendekezo la Ijumaa linaloelekea kukubaliwa". Yake ikasema "hakuna uamuzi". Kwa hiyo Takwimu, maneno ya swali yalichangia lakini tofauti haikuisha. Chini ya jibu langu kuna kiungo cha chaneli ya waratibu, chini ya lake hakuna.

Kisha, Dada Itifaki, kutokana na hoja yako ya madole gumba, nikamwomba kiongozi aandike uamuzi kwa maneno kamili kwenye uzi na kuubandika juu. Akaandika. Tukauliza: wote tukajibiwa Ijumaa. Nikajua tumemaliza.

Leo asubuhi mwenzangu kauliza tena. Akajibiwa: "Ijumaa, ikisubiri kuthibitishwa na mteja." Mimi bado naambiwa Ijumaa tu. Uzi haujaongezwa neno.

#29 FundiMitambo
Kiongozi aliuhariri ule ujumbe baada ya kuuandika?

#30 NyukiWaOfisi
Aliuhariri, aliongeza jina la mradi. Hakugusa tarehe.

#31 Takwimu Huru
Basi si uhariri. Modeli imepamba. "Ikisubiri kuthibitishwa" ni maneno yanayofuata tarehe kila siku kwenye barua za kikazi, imeyavuta kutoka kwenye mazoea yake.

#32 Dada Itifaki
Kabla ya kusema imepamba, mwenzake afungue vyanzo vya jibu lake. Vyote.

#33 NyukiWaOfisi
Nimekaa naye tumevifungua. Viko viwili. Cha kwanza ni ujumbe wa kiongozi uliobandikwa. Cha pili kiko kwenye chaneli ya mauzo ambayo mimi simo, mtu wa mauzo kaandika jana jioni: "Ijumaa nimewaambia, nasubiri uthibitisho wao."

#34 MzeeWaSeva
Ruhusa! Nilisema tangu #3. Safari hii anayeona zaidi ni yeye, na jibu lililo kamili ni lake. Nyuki, ulikuwa unakwenda Ijumaa bila kujua mteja hajakubali.

#35 Msomaji Kimya
Na bila AI kuwapa majibu mawili, mngejuaje kwamba kuna chaneli mbili zisizoongea?

#36 Takwimu Huru
Naondoa la kupamba. Lakini Mzee, hilo linaeleza jibu la leo. Haliwezi kueleza la siku ya kwanza, kwa sababu ujumbe wa mauzo ni wa jana jioni. Siku ya kwanza bado tuna swali lenye mtego, emoji zisizosomwa na chaneli ya waratibu, vyote kwa pamoja. Nyuki, ukiweza, iulize kutoka akaunti yako kwa maneno yako ya mwanzo lakini ukiiwekea mipaka isome uzi ule tu. Kama itasema Ijumaa hata hapo, chaneli ya waratibu haikuhusika.

#37 NyukiWaOfisi
Takwimu, sawa, ila uzi wenyewe sasa una uamuzi ulioandikwa, itasema Ijumaa kwa vyovyote. Itabidi nitafute uzi mwingine wenye pendekezo na madole gumba matupu. Hapa kwetu haukosekani. Kwanza namfuata mtu wa mauzo, nimpate ana kwa ana.

#38 Mkalimani
Na ukiupata, tuambie uliandikwa kwa lugha gani.